Mguu wa injini ya boti: jinsi ya kutunza gia boksi na kubadilisha oili yake

Boti za mizigo zinazovuka Ziwa Tanganyika kati ya Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia hutegemea zaidi injini za kufunga nyuma ya boti. Manahodha wengi hukagua petroli na plagi kila safari, lakini sehemu ya injini inayozama majini husahaulika hadi siku inapogoma. Ikigoma katikati ya ziwa, nanga haisaidii kitu, kwani kina hufikia takriban mita 1,470. Boti hubaki ikisukumwa na upepo pamoja na abiria, unga, saruji au mawese yaliyomo.

Makala haya yanaeleza namna ya kutunza sehemu hiyo.

Sehemu yenyewe ni ipi

Mguu wa injini ni sehemu ya chini yenye gia boksi na propela. Shafti ndefu hushuka kutoka kwenye injini na kuzungusha gia ndogo. Gia hiyo huzungusha gia mbili kubwa, moja ya kwenda mbele na nyingine ya kurudi nyuma. Zote hulala ndani ya oili. Sili za mpira kwenye shafti huzuia maji yasiingie na oili isitoke.

Oili hiyo haina uhusiano wowote na ile inayochanganywa na petroli katika injini za tu-stroki. Kuziweka moja mahali pa nyingine ni kuua injini.

Oili ya kutumia

Vitabu vya maelekezo vya injini nyingi za boti hutaja oili ya gia ya haipoidi, namba SAE 90. Iliyo bora ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za boti, kwa kuwa huendelea kulinda gia hata maji kidogo yakiingia. Oili ya injini ya gari, hata ikiwa nzito, haifai. Kiasi kinachohitajika hutofautiana kati ya injini na injini, hivyo kitabu cha injini husika ndicho cha kufuata.

Ibadilishwe lini

Kwa injini mpya, oili ya kwanza hubadilishwa mapema, mara nyingi baada ya saa 10 hadi 20 za kazi, ili kuondoa chenga za chuma zinazotoka kwenye gia mpya. Baada ya hapo, kipimo cha kawaida ni kila saa 100 za kazi au kila miezi 6, chochote kitakachotangulia.

Wasafirishaji wengi hushika hiyo miezi 6 na kusahau saa. Boti inayotembea saa 8 kwa safari, safari 3 kwa wiki, hufikisha saa 96 ndani ya wiki 4 tu. Kwa boti ya namna hiyo, oili ibadilishwe kila mwezi. Daftari dogo la kuandika saa za kila safari linatosha kuweka hesabu.

Hatua za kubadilisha

1. Injini isimame wima, nje ya maji. Waya za plagi zichomolewe ili injini isiwake kwa bahati mbaya.

2. Chombo kiwekwe chini ya mguu. Bolti ya chini ifunguliwe kwanza, kisha ya juu. Bila kufungua ya juu hewa haiingii, na oili hutoka kwa shida.

3. Oili iachwe itoke yote. Ikiwa na uvuguvugu kidogo hutoka haraka zaidi.

4. Oili mpya iingizwe kupitia tundu la chini, kwa pampu au kwa tyubu ya oili yenyewe, hadi itokee tundu la juu bila mapovu. Ikijazwa kutoka juu, hewa hunaswa ndani na gia hubaki na oili pungufu.

5. Bolti ya juu ifungwe kwanza, ndipo pampu iondolewe na ya chini ifungwe haraka. Washa za bolti zote mbili ziwe mpya. Washa iliyochoka ni njia rahisi ya maji kuingia.

Oili ya zamani inavyoeleza hali ya gia

Oili iliyotoka isimwagwe kabla ya kutazamwa.

Ikiwa imekuwa nyeusi kidogo bila uchafu, hilo ni la kawaida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikitangulia kutoka maji kabla ya oili, maji ni mengi na yamekaa chini kwa sababu ni mazito kuliko oili. Katika hali hizo mbili, kubadilisha oili peke yake si dawa. Fundi apime gia boksi kwa upepo mdogo ili kuona inapovuja, kisha abadilishe sili.

Unga laini wa chuma kwenye ncha ya bolti ya chini, ambayo kwenye injini nyingi ina sumaku, hauna hatari. Vipande vinavyoonekana na kushikika ni meno ya gia au beringi vinavyovunjika. Boti hiyo isipewe mzigo hadi gia boksi ifunguliwe.

Nyavu na nyuzi za nailoni

Katika maji yenye wavuvi wengi, adui mkubwa wa sili ni uzi wa nyavu. Uzi hujiviringisha kwenye shafti nyuma ya propela, huingia ndani na kukata sili. Nje huenda usionekane kabisa. Propela inapaswa kuvuliwa mara kwa mara, na mara moja baada ya kupita juu ya nyavu. Shafti isafishwe, ipakwe grisi isiyotolewa na maji, na pini ya kufungia nati iwe mpya.

Mambo mengine ya kuzingatia

Impela ya pampu ya maji nayo hukaa kwenye mguu. Mchanga wa fukwe ambako boti hupakia huila haraka. Maji ya kupoza injini yanayorushwa nje yakipungua, ikaguliwe mara moja. Injini isiwashwe nje ya maji, hata kwa muda mfupi, kwani impela huungua.

Gia ibadilishwe injini ikiwa katika mwendo wa chini kabisa. Kuirusha kutoka mbele kwenda nyuma kwa kasi hula meno ya gia, na baadaye gia huanza kuruka zenyewe boti ikiwa na mzigo.

Oili chafu isimwagwe ziwani. Nchi zote 4 zilitia saini mkataba wa kulinda Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na watu wa mwambao huteka humo maji ya kunywa. Ihifadhiwe kwenye dumu na kupelekwa gereji.

Kwa safari ndefu, boti ibebe chupa ya oili ya gia, washa 2 za akiba, propela ya akiba, pini, bisibisi na spana zake. Vyote hivyo huingia kwenye ndoo moja, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na gia boksi mpya au mzigo uliopotea.