E. G. Browne na Historia ya Uajemi

Miongoni mwa wataalamu wa Ulaya walioandika juu ya Uajemi, nchi ambayo tangu mwaka 1935 mataifa ya kigeni yameombwa kuiita Iran, ni wachache waliopendwa na wenyeji kama Edward Granville Browne. Alizaliwa Uingereza mwaka 1862, akaanza kufundisha Kiajemi katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1888, akafariki mwaka 1926. Kazi yake yastahili kuangaliwa tena, kwa kuwa yaonyesha jambo ambalo kila mwandishi wa historia hukutana nalo: mapenzi kwa watu humfungulia mtaalamu milango iliyofungwa kwa wengine, na papo hapo yaweza kumfunga macho.

Browne hakuanza kwa Kiajemi. Vita vya Warusi na Waturuki vya mwaka 1877 na 1878 vilimkuta angali kijana, akawaonea huruma Waturuki, akaazimu kujifunza lugha yao. Kutoka Kituruki aliingia katika Kiajemi na Kiarabu, huku akisomea udaktari. Mwaka 1887 alisafiri Uajemi, akakaa huko muda wa mwaka mmoja, akizungumza na watu wa kila namna, hata wafuasi wa Bab waliokuwa wakiteswa na dola. Habari za safari hiyo alizitoa katika kitabu mwaka 1893. Waajemi kwake walikuwa watu wa kuulizwa na kujibu, si mabaki ya ustaarabu uliokwisha.

Desturi hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake juu ya mapinduzi ya Uajemi ya miaka 1905 hadi 1909, kilichotolewa mwaka 1910. Humo alieleza pia mambo ya tumbaku yaliyotangulia. Mwaka 1890 Nasir al-Din Shah alimpa Mwingereza mmoja haki ya pekee ya biashara ya tumbaku yote ya nchi kwa miaka 50. Mwezi wa Desemba 1891 ilienea fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mujtahidi mkuu aliyekaa Samarra, katika Iraki, kwamba kutumia tumbaku ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama. Watu wakaacha kuvuta, na husimuliwa kwamba hata jumbani mwa Shah mwenyewe buruma ziliwekwa kando. Mwanzoni mwa mwaka 1892 haki ile ikafutwa.

Nguvu ya neno hilo lililotoka Samarra haifahamiki bila ya kujua itikadi ya Mashia wa Maimamu Kumi na Wawili. Kwao, Imamu wa kumi na mbili ameghibu, na katika ghaibu yake muumini asiye mwanachuoni humfuata mujtahidi katika mambo ya sheria. Mujtahidi wa Samarra alikuwa katika nchi ya Waturuki, mbali na mkono wa Shah, lakini fatwa iliyobeba jina lake ilitiiwa Tehran. Ndiyo sababu siasa na dini za Uajemi haziwezi kuandikwa mbalimbali.

Mwaka 1906 Muzaffar al-Din Shah alikubali katiba na Bunge. Mwaka 1907 Uingereza na Urusi zilipatana kugawana nguvu zao katika Uajemi, na mwaka 1908 Muhammad Ali Shah alilipiga Bunge kwa mizinga. Browne hakunyamaza. Aliilaumu serikali ya nchi yake hadharani, akashiriki mwaka 1908 kuanzisha kamati ya kuwatetea Waajemi. Lakini utetezi ulikuwa na gharama yake. Shekhe Fazlullah Nuri, aliyenyongwa Tehran mwezi wa Julai 1909, Browne alimweka katika safu ya wapinga maendeleo. Hata hivyo, kifungu cha pili cha nyongeza ya katiba ya mwaka 1907, kilichotaka mujtahidi wasiopungua watano wazipime sheria za Bunge, kilitokana na madai ya shekhe huyo. Swali lake, yaani ni nani mwenye haki ya kutunga sheria katika nchi ya Kishia, halikufa pamoja naye. Katika mapinduzi ya mwaka 1979 lilirudi kwa nguvu mpya.

Kazi kubwa kuliko zote za Browne ni historia ya fasihi ya Uajemi, yenye majuzuu manne yaliyotoka kati ya mwaka 1902 na 1924. Katika juzuu ya nne alikabili fumbo: wafalme wa Safawi, waliofanya Ushia kuwa dini ya dola tangu mwaka 1501, walikuwa na majeshi na majengo ya fahari, mbona washairi wakubwa walikuwa haba? Alimwuliza mwanachuoni wa Kiajemi, Mirza Muhammad Qazvini, akaichapisha barua ya jibu lake. Qazvini alieleza kwamba wafalme hao, kwa uadui wao na Waturuki, waliielekeza nguvu yao katika kueneza madhehebu, wakawatukuza wanasheria na kuwadhili Masufi, na ushairi ukadhoofika.

Wataalamu waliofuata hawakuikubali hukumu hiyo yote. Wameonyesha kwamba washairi wengi walihamia kwa wafalme wa Mughal katika Bara Hindi, na kwamba mtindo mpya wa zama zile haufai kupimwa kwa kipimo cha Hafiz. Juzuu yenyewe ya Browne ina ushahidi wa upande wa pili. Ameeleza maombolezo ya Karbala ya Muhtasham wa Kashan, aliyefariki mwaka 1588. Habari ambazo wasomaji wa tenzi za Kiswahili wanazijua kwa njia yao. Amemweleza pia Muhammad Baqir Majlisi, aliyefariki mwaka 1699, ambaye aliandika mambo ya dini kwa Kiajemi chepesi ili watu wasiojua Kiarabu wafahamu. Fasihi ilikuwa imetoka baraza la mfalme ikaingia katika majlisi za kilio na katika nyumba za watu.

Hapo ndipo ilipo thamani ya Browne kwa wanaomfuata. Aliegemea upande mmoja, wala hakuficha. Lakini alihifadhi maneno ya Waajemi kwa uaminifu, hata yale yatoshayo kumsahihisha yeye mwenyewe.