Na Hiyo Simu Imeambiwa na Nani?



Mnaotujua mnajua kazi yetu. Tulimaliza sekondari, tukaingia kozi ya ushonaji, na leo tunashona nguo za maharusi. Mteja akitaka, tunamfungia pia vikuba na makoja kwa asumini ya uani kwetu. Na mwaka 2024, kwa asumini hiyo hiyo, tulimvunja moyo biharusi mmoja.

Mwanzoni mwa Februari tulimuuliza roboti wa kuchati, hawa wa akili mnemba tulio nao kwenye simu, tufanye nini maua yawe mengi. Akajibu kwa Kiswahili kizuri, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa: huu ndio wakati wa kukata matawi sana, mwisho wa baridi, kabla mti haujaamka. Mwisho wa baridi! Februari Unguja ni kaskazi, joto mpaka usiku wa manane. Neno tuliliona, na mkasi tukauchukua vile vile. Mwanzo wa Machi, siku za mwisho za Shaaban, harusi ikafika na mti wetu una majani mapya tu, hata kikonyo kimoja cha ua hakuna. Tukazunguka mitaani kununua asumini za watu. Biharusi alivaa kikuba chembamba, akasema hapana neno, lakini uso wake tuliuona.

Bibi wa jirani alipokuja kutupa pole aliuliza, "Nani kakwambieni mkate?" Tukasema simu. Akauliza tena, "Na hiyo simu imeambiwa na nani?"

Tulicheka, lakini swali halikututoka. Ni swali la zamani sana. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Mtume (S.A.W.) kuwapita watu wa Madina wakiipandikiza mitende, wakichukua maua ya mtende dume na kuyatia kwenye jike. Aliona pengine halitasaidia kitu, nao wakaacha. Mavuno yakawa mabaya. Akawaambia kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Tunapenda kuitafakari habari hii kwa sababu inampa mkulima haki yake: aliyeushika mti ndiye wa kuulizwa habari za mti.

Waislamu wa Andalusi walilifuata hilo kwenye vitabu vyao. Mwishoni mwa karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Sevilla aliandika kitabu kikubwa cha kilimo, chenye habari za mimea zaidi ya 500. Alikusanya maneno ya waliomtangulia, Wagiriki na Waarabu, lakini alikuwa na shamba lake na hapo akiyajaribu. Msomaji wake alijua lipi limenukuliwa na lipi limepita mikononi mwake mwenyewe. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kihispania na kuchapwa Madrid mwaka 1802, miaka 600 baadaye, na wakulima wa huko bado walikuwa na haja nacho.

Kwetu visiwani elimu haikukaa kwenye karatasi. Mikarafuu ilifika mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion, na asili yake ni mbali zaidi, Maluku. Walioipanda na kuichuma wengi wao walikuwa watumwa, na ndio walioijua kwa mikono: udongo gani inaupenda, wakati gani wa kuchuma. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika zaidi na ikaja kuwa kisiwa cha karafuu, watu walipanda upya kwa elimu iliyokuwa vichwani. Ya mauani ndiyo kabisa, ilikwenda kutoka kwa mama kwenda kwa binti, mrehani hapa, mkilua pale. Mwaka 1949 kilichapwa kitabu kizima cha R. O. Williams kuhusu mimea yenye faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Kizuri, lakini ni cha Kiingereza, na bibi yetu wa jirani hasomi Kiingereza.

Mashine nazo zina historia yake. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ikimrudishia mtu maneno yake kwa njia ya maswali, haijui lolote, na watu wakaifungulia mioyo yao. Mwaka 1980 watafiti wa Illinois walionyesha kwamba kompyuta, ikipewa mifano ya mimea ya soya iliyougua, inaweza kujitungia kanuni za kutambua maradhi 15, na zikashinda kanuni alizozieleza mtaalamu mwenyewe. Hapo kuna kitu. Mashine ile ilikuwa imeonyeshwa mimea yenyewe.

Na mfano wa karibu yetu ni muhogo. Ugonjwa wake wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, kwenye kituo cha Amani, milima ya Usambara. Miaka 80 hivi baadaye watafiti walipiga picha za majani ya muhogo kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo, zaidi ya 2,700, wakaifundisha kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya simu inayotazama jani na kusema linaumwa nini, tena kwa Kiswahili na bila intaneti. Ukimuuliza bibi Nuru imeambiwa na nani, jibu lipo: na mihogo ya pwani.

Roboti wa kuchati, waliosambaa tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, wameambiwa na maandishi, na maandishi mengi ya bustani yametoka nchi zenye theluji. Ni kumshonea mtu kwa vipimo vya mwenzake. Hatusemi tumewaacha. Vidudu vyeupe vilipoingia chini ya majani, roboti alituambia tuoshe kwa maji ya sabuni laini, na alhamdulillah vilikwisha. Siku hizi tunamwandikia kwanza: tuko Unguja, mwezi huu, masika bado. Anajibu vizuri zaidi. Lakini mkasi haushikwi mpaka bibi apite uani.

Kila Ijumaa baada ya alasiri tunampelekea chai na daftari. Anasema, tunaandika kwa tarehe. Ukurasa wa kwanza ni wa asumini: haikatwi sana harusi ikiwa karibu, unapunguza vincha tu baada ya kuchuma, na kiangazi maji yasikosekane. Wa mrehani umejaa. Wa mkilua bado mweupe, maana bibi hajawahi kuupanda, na anasema wajuzi wako Pemba. Mwenye mama au bibi huko mwenye mkilua unaochanua, tunaomba amuulize na atuletee jibu kabla ya maharusi wa mwaka huu.