Mazoezi mseto

Jioni, kwenye uwanja wa shule mjini Dodoma, wasichana wa mpira wa pete hupanga mstari mbele ya goli. Kila mmoja anarusha kutoka palepale, mara kadhaa, kisha anampisha mwenzake. Wakimaliza, zinafuata pasi tupu. Haya ni mazoezi ya mfululizo: stadi moja hadi iishe, ndipo nyingine ianze. Katika mazoezi mseto mchezaji anarusha, anatoa pasi ya kifua, anakaba, halafu anarusha tena kutoka pembe nyingine.

Watakwimu wana sampuli nasibu, nasi tungeweza kuyaita haya mazoezi nasibu. Lakini nasibu imebeba bahati, na hapa mwalimu habahatishi. Anachanganya kwa makusudi, kama mkulima wa Kongwa anayepanda mbaazi katikati ya mahindi.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, waliwafundisha watu mifuatano mitatu ya kuangusha vibao kwa mkono. Wakati wa mafunzo, kundi la mfululizo lilikuwa la haraka zaidi. Walipopimwa baada ya dakika 10, kisha siku 10, kundi la mseto ndilo lililofanya vizuri zaidi. Mwaka 1994 jambo hilo lilijaribiwa kwa wachezaji wa besiboli wa chuo kimoja huko California: waliochanganyiwa aina tatu za mirusho waliboresha upigaji kwa takriban asilimia 57, waliopewa aina mojamoja asilimia 25. Maelezo mojawapo ni kwamba anayebadilisha kila mara hulazimika kuupanga upya mwendo wake kichwani. Anayerudia hana haja hiyo.

Ugumu uko kwenye macho ya mwalimu. Anayeandaa timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ana siku chache za kambi, na mseto huzaa makosa mengi mbele ya kila anayepita. Ndiyo maana lazima tutenganishe utendaji, yaani kinachoonekana zoezini leo, na ujifunzaji, yaani kinachobaki wiki ijayo. Walimu wengi hupima cha kwanza wakiamini wamepima cha pili, na wachezaji ndio wanaoumia siku ya mechi.

Mtoto ambaye hajawahi kushika mpira aanze na mfululizo, alipate kwanza umbo la mrusho. Baada ya hapo, hata shule yenye mpira mmoja inaweza kuchanganya: kila mrusho mahali pengine, na kipimo kifanyike Jumatatu, kabla ya zoezi kuanza.