Uteuzi wa riwaya na hadithi fupi za Kiingereza katika sekondari za Tanzania

Uteuzi wa riwaya na hadithi fupi za Kiingereza ni kazi ya kuamua vitabu gani vya fasihi vitasomwa na wanafunzi wa sekondari katika somo la Kiingereza. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanyika kwa ngazi mbili. Kwanza, orodha ya vitabu teule hupangwa kitaifa kulingana na mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Pili, shule na walimu huchagua kutoka katika orodha hiyo vitabu watakavyofundisha.

Mtihani wa Kidato cha Nne, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), huwa na maswali ya insha yanayomtaka mtahiniwa atoe hoja na mifano kutoka katika vitabu viwili alivyosoma. Mwanafunzi aliyepewa kitabu asichokielewa huingia katika chumba cha mtihani bila cha kuandika.

Mazingira ya lugha

Kwa wanafunzi wengi wa Tanzania Kiingereza ni lugha ya tatu. Katika kata ya Makuyuni, wilaya ya Korogwe, na katika wilaya jirani ya Handeni mkoani Tanga, mtoto anaweza kukua akizungumza Kisambaa au Kizigua nyumbani, akasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia Kidato cha Kwanza ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza.

Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Baada ya ripoti hiyo ulianzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza, ambao miongoni mwa kazi zake ulipeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi.

Historia

Wakati wa ukoloni fasihi iliyofundishwa kwa Kiingereza ilikuwa hasa ya Waingereza. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, Uganda, na mwaka huohuo kampuni ya Heinemann ilianza kuchapa mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika. Vitabu hivyo viliwapa walimu riwaya zenye mandhari ambayo wanafunzi waliyajua. Mwaka 1967 Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea vilidai elimu inayolingana na maisha ya Watanzania. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo badala ya ile ya Uingereza.

Baadhi ya vitabu vilivyoteuliwa

Chini ya mtaala wa mwaka 2005, vitabu vilivyosomwa ni pamoja na:

- *Hawa the Bus Driver* cha Richard Mabala, kwa vidato vya kwanza na pili: hadithi fupi ya mwanamke anayefanya kazi ya udereva wa basi, iliyoandikwa kwa sentensi rahisi.
- *Weep Not, Child* cha Ngũgĩ wa Thiong'o (1964), kwa vidato vya tatu na nne: kijana Njoroge anatamani elimu wakati Kenya imo katika vita vya Mau Mau.
- *Passed Like a Shadow* cha Bernard Mapalala, kwa vidato vya tatu na nne: familia inayoangamizwa na UKIMWI.
- *Unanswered Cries* cha Osman Conteh wa Sierra Leone, kwa vidato vya tatu na nne: msichana anayekataa kukeketwa. Tanzania ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998.

Vigezo vya uteuzi

*Ugumu wa lugha.* Utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation (2000) ulionyesha kwamba ili msomaji aelewe hadithi bila msaada, anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100. Kwa ukurasa wenye maneno 300, hayo ni maneno mageni sita tu. Mwalimu anaweza kupima kitabu kwa kuwapa wanafunzi ukurasa mmoja na kuwataka wapigie mstari maneno wasiyoyajua.

*Urefu.* Kipindi cha sekondari huchukua dakika 40. Hadithi fupi inaweza kusomwa kwa sauti na kujadiliwa katika vipindi viwili au vitatu, hata kama darasa lina nakala chache. Riwaya huhitaji wiki nyingi na nakala ambazo wanafunzi wanaweza kwenda nazo nyumbani.

*Maudhui.* Kitabu hufaa zaidi kinapogusa mambo ambayo wanafunzi wanaweza kuyajadili, na kinapolingana na umri wao.

*Ulinganifu.* Kwa kuwa insha hudai vitabu viwili, ni vyema vitabu vyenye dhamira zinazokaribiana vifundishwe pamoja. *Passed Like a Shadow* na *Unanswered Cries*, kwa mfano, vyote vinaonyesha vijana wanaobeba matokeo ya uamuzi wa watu wazima.

Changamoto

Pale nakala zinapokuwa chache au lugha inapokuwa ngumu, wanafunzi hutegemea muhtasari na kukariri majina ya wahusika na dhamira. Njia hiyo inaweza kuwasaidia kujibu baadhi ya maswali, lakini haiwapi mazoezi ya kusoma, ambayo ndiyo sababu ya fasihi kuwekwa katika somo la lugha. Kuanza na hadithi nyepesi katika vidato vya chini, kabla ya riwaya ndefu, hupunguza tatizo hilo.

Kulinganisha na Kenya

Nchini Kenya shule zina uhuru mdogo zaidi: katika mtihani wa KCSE kuna vitabu vya lazima, pamoja na vichache vya kuchagua, ikiwemo diwani ya hadithi fupi. Miongoni mwa vitabu vya lazima vya miaka ya 2020 ni *Fathers of Nations*, riwaya ya Mtanzania Paul Vitta.

Tazama pia

- Elimu nchini Tanzania
- Fasihi
- Ngũgĩ wa Thiong'o