Kipilefti, vipilefti

Wazee wetu wengi, hasa wa kutoka Tanzania, bado wanasema "pinda pale kipilefti." Nairobi utasikia zaidi raundabauti. Hilo la kwanza ndilo tamu, maana watu walilisoma kwenye kibao. Waingereza waliweka alama ya "keep left" katikati ya makutano, yaani pita kushoto, na watu wakakiita kitu kwa maandishi yake. Kwa kuwa neno lilianza na ki, likaingia lenyewe kwenye ngeli ya kiti na kitabu: kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Hakuna kamati iliyokaa.

Sasa, kitu chenyewe. Wengi hudhani kipilefti kilibuniwa ili kuokoa watu, lakini mwanzoni haikuwa hivyo hasa. New York walianza kuzungusha magari upande mmoja pale Columbus Circle mwaka 1905, kwa mawazo ya William Phelps Eno. Paris wakafuata mwaka 1907 pale Étoile. Uingereza cha kwanza kilijengwa Letchworth, kama 1909 hivi. Shida ikawa moja: nani ampishe nani? Sehemu nyingi aliyekuwa anaingia ndiye aliyepishwa. Hebu fikiria. Magari yakizidi, walio ndani hawatoki kwa sababu wengine wanazidi kuingia, na duara zima linaganda. Wamarekani walichoka nayo, na kufikia miaka ya 1950 wakawa karibu wameachana nayo.

Aliyeng'ang'ana na jambo hili ni mhandisi Mwingereza, Frank Blackmore. Novemba 1966 Uingereza ikapitisha sheria: anayeingia ampishe aliye ndani, anayetokea kulia kwake. Yaani ukifika, piga hodi. Aliye ndani ndiye mwenye nyumba. Sheria hiyo ndogo, kwa maoni yangu, ilifanya kazi kubwa kuliko saruji yote. Duara likaacha kuganda, na kwa kuwa kila dereva analazimika kupunguza mwendo ili apige hodi, likawa salama.

Usalama wake unaeleweka kwa hesabu. Njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari mawili zinaweza kukutana. Kipilefti chenye njia moja kina 8. Ila namba si yote. Kinachoua kwenye njia panda ni kugongwa ubavuni na mtu aliyekimbilia taa nyekundu, au kuvaana uso kwa uso na anayekata kona. Kwenye kipilefti huwezi kwenda moja kwa moja hata ukitaka, kona inakukatalia. Mkigongana, mnagusana kwa mshazari na kwa mwendo mdogo. Rangi inachubuka, mnatukanana kidogo, mnarudi nyumbani.

Marekani walirudia tena mwaka 1990, karibu na Las Vegas, safari hii wakiwa na sheria ya Blackmore. Watafiti walipofuatilia makutano 24 yaliyobadilishwa kuwa vipilefti, ajali za majeruhi zilipungua kwa karibu robo tatu. Mji wa Carmel, Indiana, umejenga zaidi ya 150.

Si dawa ya kila kitu lakini. Vile vikubwa vya njia mbili tatu vinawaonea waendesha baiskeli, na anayevuka kwa miguu hana taa ya kumsimamishia magari. Na Nairobi, trafiki akisimama katikati na kuruhusu upande mmoja kwa dakika kumi, hodi inakufa pale pale. Kinabaki kisiwa tu chenye foleni pande zote.

Mkienda Maskati kutembelea ndugu na mkakodi gari, kumbukeni kule watu huendesha kulia. Kipilefti chao kinazunguka kinyume na jina lake, na wa kumpisha anatokea kushoto kwako.