Burke (kitenzi)

Burke ni kitenzi cha Kiingereza kisichosikika sana siku hizi. Maana yake ya awali ni kumuua mtu kwa kumziba pumzi bila kuacha jeraha. Ya pili ni kuzima jambo kimyakimya, kama uchunguzi au mjadala, lisifike mbele ya watu.

Asili yake ni jina la William Burke, mzaliwa wa Ireland aliyeishi Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1827 mpangaji mmoja alifariki kwa ugonjwa katika nyumba ya William Hare, mwenzake Burke. Wawili hao wakaiuza maiti kwa Dkt. Robert Knox, mwalimu wa anatomia, kwani miili iliyoruhusiwa kisheria haikutosha mahitaji ya vyuo. Fedha ziliwanogea. Hadi kukamatwa kwao mwishoni mwa 1828 walikuwa wameua watu 16, wengi wao maskini wasio na wa kuwaulizia. Mbinu yao ya kawaida ilikuwa kumlewesha mtu, kisha kumkandamiza na kumziba pua na mdomo. Wa mwisho, Margaret Docherty, anastahili kukumbukwa: kugunduliwa kwa maiti yake ndiko kulikowafichua.

Hare alitoa ushahidi akaachiwa. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829, na mwili wake ukapasuliwa. Mifupa yake ingali Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kitenzi kilianza kutumika mwaka huohuo. Sheria ya Anatomia ya 1832 ilipanua njia halali za kupata maiti.