Kaole Kwanza, Kisha Bagamoyo

Wageni wengi wakifika Bagamoyo huanza na Boma la Wajerumani. Wanapiga picha, wanaambiana: hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya koloni. Sivyo hasa. Boma lile lilijengwa 1897, na makao makuu yalishahamia Dar es Salaam tangu 1891. Yaani jengo la serikali wanalolistaajabia ni la mji ambao tayari ulikuwa umeshushwa cheo.

Mimi nakushauri uanzie nje ya mji. Panda bodaboda, nenda kusini kilomita kama 5, katikati ya minazi na mashamba, mpaka Kaole. Pale kuna magofu ya misikiti miwili, na ule mkongwe huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kuna makaburi ya mawe pia, mengine yenye nguzo ndefu. Mzee aliyenitembeza aliniuliza, "Bahari unaiona, mwanangu?" Sikuiona. Niliona mikoko tu.

"Basi hiyo ndiyo iliyoua mji," akasema. Zamani vyombo vilifika karibu. Matope yakajaa, mikoko ikaota, biashara ikasogea Bagamoyo.

Nilirudi mjini na maneno hayo kichwani, nikakuta maji yamekupwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Pwani ya Bagamoyo ina kina kifupi mno. Kwa jahazi la Unguja hiyo ilikuwa faida: linakaa juu ya mchanga, watu wanakwenda kwa miguu hadi ubavuni kupakia pembe za ndovu zilizobebwa mabegani toka Tabora na Ujiji. Meli ya moshi haiwezi hivyo. Inatia nanga mbali, mizigo inafuatwa kwa mashua. Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya kina, iliyojikinga na mawimbi.

Nimewahi kusikia kwamba Wajerumani walihama kwa kumhofia Abushiri. Maelezo matamu, lakini Abushiri walishamnyonga Pangani Desemba 1889. Aliyewashinda Bagamoyo, naona mimi, ni mchanga.

Hata hivyo kuhama kwa serikali hakukuumaliza mji. Wapagazi waliendelea kuja, maelfu yao, wengi Wanyamwezi waliofanya kazi ya ujira. Hawa tunawasahau, kwa kuwa kila jiwe la Bagamoyo siku hizi husimuliwa kama la biashara ya watumwa peke yake. Biashara hiyo ilikuwepo, na ukatili wake haupunguzwi. Ila mpagazi naye ana haki ya kukumbukwa: ndiye aliyetua mzigo hapa baada ya miezi njiani, na wapo wanaosema jina la mji, bwaga moyo, ni pumzi yake. Kilichomwondoa ni reli, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914.

Jioni ile vijana walikuwa wanashusha samaki kutoka kwenye mashua, maji magotini, matenga mabegani.